Filamu ya Supa Modo na watoto wagonjwa wa Mongbwalu: tusikimbilie kumrudisha mtoto nyumbani

Jioni Mongbwalu, wachimbaji wakitoka kwenye karieri, nyumba za video zinajaa. Kinachoonyeshwa mara nyingi ni vita, karate, au tamthilia ndefu za mapenzi zilizotafsiriwa na sauti ya mtu mmoja anayesema kwa niaba ya wote, wanaume na wanawake. Watoto wasio na pesa ya kuingia wanachungulia kwenye matundu ya turubai. Filamu ya Kenya inayoitwa Supa Modo ingeeleweka hapa kwetu haraka kuliko mahali pengi, kwa sababu msichana wa hadithi hiyo angekuwa mmoja wa hao wanaochungulia.

Filamu iliongozwa na Likarion Wainaina. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin, Ujerumani, mwezi wa pili 2018, na mwaka huohuo Kenya iliichagua kuiwakilisha katika kushindania tuzo ya Oscar kwa filamu za lugha za kigeni. Haifiki hata saa moja na nusu. Watu wake wanasema Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza wakivichanganya bila kujali, kama sisi tunavyochanganya Kiswahili, Kilingala na Kifaransa katika sentensi moja.

Tunaiandika leo, miaka kadhaa baada ya kutoka kwake, kwa sababu vikundi vya vijana na vya wamama katika sehemu zetu wanatafuta filamu za kutazama pamoja na kuzungumzia, na hii ni nzuri kwa kazi hiyo. Lakini ina fundisho moja ambalo, likichukuliwa hivihivi na kupandwa katika udongo wa Ituri, linaweza kuua mtoto. Ni afadhali kulisema hilo kabla taa hazijazimwa.

Hadithi yenyewe ni hii. Jo ana miaka 9. Yuko hospitalini na ugonjwa usiopona, akiota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu kama wale anaowaona katika filamu. Mpendwa wake mkubwa ni Jackie Chan. Madaktari wanamwambia mama kwamba hawana la kufanya tena, naye anamrudisha mtoto kijijini, Maweni. Mama anataka alale, alindwe, asichoke. Dada yake mkubwa, Mwix, anaona ingine: kama siku ni chache, mtoto aziishi. Anaanza kumdanganya kwa upole kwamba kweli ana nguvu, kwamba anaweza kusogeza vitu kwa mawazo tu. Kidogo kidogo kijiji kizima kinaingia katika mchezo. Mama anagundua na kukasirika. Halafu inajulikana kwamba mtoto mwenyewe hakudanganyika: alijua kwamba atakufa. Basi watu wa Maweni wanaamua kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa wake. Jo anakufa. Kijiji kinabaki na filamu.

Hakuna muujiza mwishoni. Hakuna mchungaji anayeingia mlangoni katika dakika ya mwisho na chupa ya mafuta. Wasomaji wetu wengine watasikitika kwa hilo. Mimi naliona kuwa heshima kwa wazazi waliozika, maana wamechoka kuonyeshwa filamu ambamo kila mtoto aliyeombewa anaamka, kana kwamba wao hawakuomba.

Sasa tufike kwenye fundisho lenye hatari. Mtu anayetoka kuitazama Supa Modo anaondoka na wazo hili: mtoto mgonjwa sana asifungiwe hospitalini, aletwe nyumbani kati ya watu wake, apewe furaha. Kwa Jo ni kweli. Lakini Jo alirudi nyumbani baada ya madaktari kujua ugonjwa wake, kuujaribu, na kushindwa. Mtoto wa Mongbwalu mara nyingi anarudishwa nyumbani kabla mtu yeyote hajajua anaumwa nini. Amepita kituo cha afya akapewa dawa ya malaria, amepita farmasi ya jirani akachomwa sindano tatu, amepita chumba cha maombi siku saba, na feza imekwisha. Familia inasema "tumejaribu yote". Hawajajaribu yote. Wameishiwa na pesa tu, na katika mji ambao unatoa dhahabu tangu wakati wa Wabelgiji hilo ni jambo la kuumiza kulisema.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana 400,000 hivi wanapata kansa duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 kwa mia wanapona. Katika nchi maskini wanaopona hawafiki 30 kwa mia. Magonjwa ni yaleyale. Tofauti inatoka katika siku zilizopotea kabla ya kujua ugonjwa, katika dawa zinazokosekana, na katika familia zinazoacha matibabu katikati. Mwaka 2018, mwaka uleule wa filamu hii, shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha angalau watoto 60 kwa mia kwenye uzima ifikapo 2030. Ukihesabu miaka iliyobaki, utaona kwamba Ituri haiko hata barabarani.

Nitaje ugonjwa mmoja ili jambo lisibaki hewani, kwa sababu huo ni ugonjwa wa maeneo yetu na unahusu historia ya makanisa yetu. Mtoto wa miaka mitano, sita au saba anaanza kuvimba taya. Meno yanalegea. Wazazi wanadhani ni jino. Wengine wanasema amerogwa. Baada ya majuma machache uso umeharibika, au tumbo limejaa. Huo unaweza kuwa uvimbe wa Burkitt, kansa inayokua haraka kuliko karibu kansa zote za binadamu. Ulipewa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, na aliyeuandika katika gazeti la wapasuaji mwaka 1958. Burkitt alikuwa mtu wa imani, na alipotaka kujua ugonjwa huo unafika wapi, hakuwa na pesa ya utafiti mkubwa. Mwaka 1961 alinunua gari lililotumika kwa pauni 250 na kusafiri kilometa karibu elfu kumi na sita, hospitali hadi hospitali, kuelekea kusini mwa Afrika, akiuliza madaktari wa misioni: mmewaona watoto wa namna hii?

Mmoja wa wenzake wawili katika gari lile alikuwa Ted Williams, daktari wa misioni ya Africa Inland Mission katika hospitali ya Kuluva, karibu na Arua. Wasomaji wa Aru na Mahagi wanajua Arua iko wapi: ni ng'ambo tu ya mpaka. AIM ndiyo misioni ambayo kazi yake upande huu ilizaa CECA-20. Kwa maneno mengine, mmoja wa watu waliosaidia kuchora ramani ya ugonjwa huu alikuwa jirani yetu na ndugu wa kanisa letu. Ramani ile ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, yaani unafuata malaria. Mwaka 1964, katika vipande vya uvimbe vilivyotumwa Uingereza kutoka Uganda, watafiti wakagundua kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Sisi tuna malaria ya mwaka mzima. Tuko ndani ya ramani.

Na uvimbe huo unasikia dawa. Dawa yake kuu, siklofosfamidi, si mpya wala si ya ajabu. Hospitali za Wabaptisti wa Kameruni, za Banso na Mbingo, zimetibu watoto wengi kwa dawa hiyo katika mazingira ambayo hayana mashine kubwa, na zaidi ya nusu wamepona. Hizo ni hospitali za kanisa, vijijini, milimani. Huko Uganda, taasisi ya kansa ya Kampala ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya ugonjwa huu hasa, na hospitali ya Lacor, Gulu, inaujua vizuri. Kwa hiyo mtoto mwenye taya lililovimba akipelekwa Maweni kufurahishwa siku zake za mwisho, tumemzika akiwa na nafasi zaidi ya nusu ya kuishi.

Nakubali kwamba kusema "apelekwe" ni rahisi kwa mtu anayeandika. Kutoka Mongbwalu hadi Bunia ni kilometa karibu 80, kupitia Nizi na Iga-Barrière. Kwa nchi yenye amani ni safari ya asubuhi moja. Katika Djugu yetu ni safari ambayo mama anaipima: mvua, moto au gari, vizuizi na malipo yake, na wenye silaha ambao wameua watu katika barabara hiyo. Ituri iko chini ya serikali ya kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na barabara bado haijawa ya kuaminika. Hospitali zenyewe zimebeba majeraha. Kituo cha kiinjili cha Nyankunde, ambacho misioni kadhaa zilikijenga pamoja miaka ya 1960 ili kiwe hospitali kubwa ya eneo lote, kilishambuliwa tarehe 5 Septemba 2002. Watu zaidi ya elfu moja waliuawa katika hospitali na mji wake katika siku zile, wagonjwa wakiwa vitandani. Kituo kimesimama tena, lakini hakuna jengo linalorudisha madaktari na wauguzi wa kizazi kimoja. Kisha mwaka 2025 misaada ya Marekani ikakatwa, na zone za afya zilizoitegemea kwa dawa zikaachwa na makaratasi.

Mama anayesita kuondoka si mjinga, basi. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kama ugonjwa wa mtoto wake ni wa kusafiri au si wa kusafiri. Kazi hiyo ya kwanza haihitaji skana. Inahitaji muuguzi anayejua dalili chache: uvimbe unaokua, macho yenye doa jeupe ndani ya mboni, damu isiyokauka puani na kwenye fizi, homa isiyoisha baada ya dawa ya malaria, maumivu ya mifupa yanayorudi kila mara. Kanisa lina vituo vya afya. Kufundisha wauguzi wake dalili tano ni semina ya siku mbili, na tumeandaa semina ndefu zaidi kwa mambo madogo zaidi.

Hayo maumivu ya mifupa yanatuleta kwenye ugonjwa mwingine, ambao katika nyumba za Mongbwalu ni wa kawaida kuliko kansa: drepanositozi. Watanzania wanaiita selimundu. Sisi tunasema tu "mtoto SS". Kongo, pamoja na Nigeria na India, iko kati ya nchi tatu zinazozaa watoto wengi kuliko zote wenye ugonjwa huu. Mtoto akiwa bado na miezi, mikono na miguu inavimba, macho yanakuwa ya manjano, damu inapungua, anaongezewa damu, anarudi, anaongezewa tena. Wengi wanakufa kabla ya miaka mitano, na ugonjwa hauandikwi popote, maana kilichowaua siku ile kiliitwa malaria au upungufu wa damu.

Katika Supa Modo hatumwoni baba. Filamu haielezi sana, na watazamaji wa Nairobi labda hawakuuliza. Sisi tutauliza, kwa sababu katika ugonjwa wa SS baba kuondoka ni sehemu ya ugonjwa. Familia ya mume inakaa, inatafakari, inatoa hukumu: damu hii mbaya haijatoka kwetu, imeletwa na mwanamke. Mwanaume anaenda karieri ingine na kuoa huko. Lakini mtoto hawezi kuwa SS kama hakupokea sehemu moja ya kasoro kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Wote wawili wanaibeba bila kuumwa, na kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne mtoto awe mgonjwa. Yule baba aliyekimbia ameibeba alama yake mpaka kwa mke mpya. Ingefaa jambo hilo lisemwe na wababa wa kanisa, kwa sauti, mbele ya wanaume, na si kuachiwa mama wa watoto katika kikundi chake cha Alhamisi.

Makanisa mengi huomba wachumba wapime ukimwi kabla ya ndoa. Kuongeza kipimo cha AS katika orodha hiyo lingekuwa jambo la busara, lakini kwa uangalifu: kipimo kiwape wachumba habari, na wao wawili ndio wachague wakijua. Kamati ya ndoa isikigeuze kuwa rungu. Katika Kongo karibu mtu mmoja kati ya wanne ana hiyo AS; tukiwakataza wote kuoa tutafunga makanisa.

Kuhusu matibabu, kuna habari njema ambayo haijafika vijijini. Utafiti uliofanywa Kinshasa, Luanda, Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda, ambao matokeo yake yalitangazwa mwishoni mwa 2018, uliwapa watoto wagonjwa 600 na kidogo dawa ya kumeza iitwayo hidroksiurea. Upande wa Kongo uliongozwa na Dkt. Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata malaria ilipungua, na vifo pia. Hatuzungumzi juu ya nchi za mbali: Mbale iko Uganda, Kinshasa ni nchi yetu. Pamoja na chandarua, penisilini kwa wadogo, chanjo na maji ya kunywa ya kutosha, mtoto SS anaweza kufika shule ya sekondari, na wengi wanafika ndoa.

Sasa kuna wanaosema tunaweka dawa mahali pa Mungu. Wapo katika kila mji wa dhahabu watu wanaofungua chumba cha maombi, wanaagiza mgonjwa aache vidonge ili "imani isigawanyike", na wanapokea mfuko wa mchele na mbuzi kwa kazi hiyo. Mtoto akifa, imani ya mama ndiyo iliyokuwa ndogo. Wengine wanaenda mbele zaidi na kumtaja mtoto mwenyewe kuwa ndoki. Nikitafuta katika Injili naona kitu kingine. Yairo, mkubwa wa sinagogi, aliacha heshima yake akaenda kuomba msaada mbele ya umati. Hakuambiwa kwamba kutafuta msaada ni kukosa imani. Na binti yake alipoinuka, neno la Yesu kwa familia lilikuwa la jikoni kabisa: wampe mtoto chakula. Yule aliyeweza kufufua hakudharau uji.

Upande mwingine, yako magonjwa ambayo hayaponi hata mtoto akifikishwa Kampala kwa wakati, na hapo Supa Modo inaanza kuwa mwalimu wetu wa kweli. Kwanza kuhusu maumivu. Katika filamu mtoto ana siku za kucheza. Mwili wake unamruhusu. Mtoto wa kwetu mwenye kansa ya mfupa analia usiku mpaka jirani wanahama chumba, na anachopewa ni parasetamoli. Uganda ilionyesha njia ingine. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha hospisi huko Kampala, akitumia mofini ya unga iliyochanganywa na maji, ya kunywa kwa kipimo, ya bei ndogo. Baadaye sheria ikabadilishwa, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandikia wagonjwa, maana vijijini hakuna daktari wa kungojea. Hiyo ni jirani yetu, si Ulaya. Kama madaktari wa makanisa yetu wakikutana na wakubwa wa afya wa mkoa, mofini ya kunywa ingestahili kuwa jambo la kwanza katika ajenda, kabla ya ombi la gari.

Pili, kuhusu ukweli. Kwetu mtoto haambiwi. Tunamwambia "kesho utapona, utarudi shule", tunalia nyuma ya nyumba na kurudi tukicheka. Nia ni njema. Lakini Jo alijua, na watu wanaohudumia watoto wagonjwa mahali mahali wanasema vilevile: watoto hujua. Wanaona uso wa mama, wanasikia wageni wakinyamaza wanapoingia, wanaona mjomba aliyekuwa mkali amekuwa mpole ghafula. Tunapowaficha, tunawaacha peke yao na jambo kubwa kuliko yote, bila mtu wa kuuliza. Simaanishi kumtangazia mtoto wa miaka saba siku ya kifo chake. Akiuliza "nitakufa?", anaweza kujibiwa kwa swali: "Wewe unafikiri nini? Unaogopa nini?" Mara nyingi anachoogopa ni kidogo na kinajibika: kama mama atakuwa pale, kama itauma, nani atachukua kiatu chake.

Hapo sikubaliani kabisa na Mwix. Mchezo wake wa nguvu za ajabu ni mzuri kutazama, na filamu yenyewe inamtetea, lakini nguvu ya kweli ya hadithi inakuja baadaye, uongo unapokwisha na watu wanaamua kufanya kazi pamoja na mtoto wakijua wote, yeye pia. Kabla ya pale walikuwa wanacheza mbele yake. Baada ya pale wanacheza naye. Msomaji anaweza kuona kwamba ninapasua unywele. Mama aliyekaa kando ya kitanda hataona hivyo.

Tatu, kuhusu kijiji. Maweni walitoa muda, nguo, vifaa, sauti, kabla ya kifo. Sisi ni hodari baada ya kifo. Matanga yetu yanakusanya kuni, sombe, mchele, viti, vipaza sauti, vitambaa vya sare, na mchango unaandikwa kwa jina katika daftari. Nimeona madaftari ambayo jumla yake ingelipa faktire ya hospitali iliyomfanya marehemu azuiliwe, na usafiri wa Bunia kwenda na kurudi, na kubaki. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Daftari linafunguliwa tu kwa wakati usiofaa. Kuna vikundi vya wamama ambao tayari wanachangishana kila juma kwa ajili ya wanaojifungua; kuongeza mstari wa mtoto mgonjwa, wenye kiasi kidogo cha kudumu, kusingevunja kikundi. Na msaada usiwe pesa tu. Mama anayelala hospitalini Bunia ana watoto wengine nyumbani. Dada wa Jo anaonyesha jambo tunalolisahau: watoto wazima wa nyumba ile nao wamepoteza mama yao kwa muda, na wanakula kwa nani? Wanalipiwa shule na nani?

Daudi alifunga na kulala chini siku saba kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa. Mtoto alipokufa, aliinuka, akaoga, akala, na watumishi wake wakashangaa. Utaratibu wake ulikuwa kinyume cha wetu: taabu yote aliifanya wakati mtoto yuko hai.

Kwa wale watakaotaka kuionyesha filamu hii katika sehemu zao, mambo machache ya kazi. Chagueni mchana, si usiku, ili wamama warudi salama. Wekeni muuguzi wa kituo cha afya katika chumba, na mmpe robo saa baada ya filamu aseme zile dalili za hatari kwa Kiswahili cha kawaida, na aonyeshe mahali kipimo cha SS kinapatikana karibu. Watoto walio chini ya miaka kumi wakae na mtu wao mzima, kwa sababu mtoto anayecheza mbele yao atakufa, na watauliza maswali wakienda nyumbani. Kama kuna mzazi aliyezika mtoto mwaka huu, aambiwe mapema hadithi inahusu nini, kisha aachwe achague mwenyewe kuja au kubaki.